Fomu ina nafasi tatu, Mkilindini ana vizazi saba

*Anayesaka mababu zake kisiwani Mombasa hugongana mapema na swali ambalo wazee hawakuwahi kulijibu kwa neno moja: jina la ukoo wako ni lipi?*

Tuseme baba anaitwa Omar Salim Hamisi, mzaliwa wa Kibokoni, Mji wa Kale. Ana watoto watatu wa mama mmoja. Wa kwanza, Salim, anajaza fomu ya pasipoti, na kwenye nafasi ya jina la ukoo anaandika jina la babu yake. Anakuwa Salim Omar Salim. Wa pili, Hamisi, ameshauriwa na wazee aandike taifa lake, yaani kundi lake miongoni mwa Waswahili wa Mombasa, naye anajaza Al-Kilindini. Wa tatu, Mwanaisha, hamuulizi mtu. Anaandika Omar, jina la baba, kwa kuwa ndilo lililokuwa kwenye vyeti vyake vya shule.

Miaka kumi baadaye ndugu hao wa tumbo moja wakisimama pamoja mbele ya afisa wa uhamiaji Dubai, Muscat au London, karatasi zao zinasema hawahusiani. Mwanaisha akiwa na mtoto mkononi mambo huzidi ugumu. Yeye ni Omar, mumewe ana jina jingine kabisa, na mtoto anaishia na jina la babu mzaa baba. Afisa ataomba cheti cha kuzaliwa, kisha cheti cha ndoa, kisha barua ya baba.

Familia hii ni ya mfano tu, ila wenyeji wa Mombasa wataitambua. Na swali lake linazidi kuuma sasa, kwa sababu watu wanaosaka nasaba zao wameongezeka. Wapo wanaofuata urithi wa shamba. Wapo waliotakiwa kuleta hati za babu ili wapewe kitambulisho. Wapo vijana waliozaliwa ughaibuni ambao wamepima vinasaba na wanataka kujua majibu yale yana maana gani kwa mtu ambaye bibi yake alikuwa akisema tu, "Sisi ni Wakilindini."

Babu hurudi kwa mjukuu

Ukoo wa Mazrui unaonyesha vizuri jinsi majina yanavyozunguka, kwa kuwa watu wake wameandikwa sana vitabuni. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki 1947, ndiye aliyechapisha magazeti ya *Sahifa* na *Al-Islah* mwanzoni mwa miaka ya 1930, na akafikia cheo cha Kadhi Mkuu wa Kenya. Mwanawe aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933 alipewa jina la babu, Ali. Huyo ndiye Profesa Ali Mazrui, ambaye dunia ilimjua kwa vitabu na vipindi vya televisheni. Naye alipopata watoto, mmoja akamwita Al'Amin.

Ali, Al-Amin, Ali, Al'Amin. Vizazi vinne, majina mawili. Ongeza Profesa Alamin Mazrui, mwandishi wa tamthilia ya *Kilio cha Haki* ya mwaka 1981, ambaye ni wa ukoo huohuo, na utaelewa kwa nini mwanafunzi anayetafuta katika katalogi ya maktaba anaweza kumpa mtu mmoja kazi za watu watatu.

Mpango huu haukubuniwa na Wamazrui. Katika nyumba nyingi za Mombasa mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, na wa kike la bibi, kabla ya zamu kufika upande wa mama. Jina hutolewa siku ya saba, akika ikichinjwa kwa mwenye uwezo. Mijikenda wa bara ya karibu nao wana desturi kama hiyo. Kwa Wagiriama jina la babu likirudi kwa mjukuu ni jambo la kutarajiwa.

Desturi hiyo huleta vituko vyake. Mkazamwana anayemstahi baba mkwe wake haoni vyema kulitaja jina la mzee huyo anapomkaripia mtoto aliyemwaga uji. Basi mtoto huitwa Babu. Hukua akiitwa Babu, huoa akiitwa Babu, na siku ya kusomewa tanzia redioni majirani huuliza marehemu ni nani, mpaka iongezwe: "maarufu kwa jina la Babu."

Baada ya jina lenyewe, kinachofuata ni njia ya kupanda juu: fulani *bin* fulani *bin* fulani, au *binti*, au kwa Kiswahili cha nyumbani *wa*. Sarah Mirza na Margaret Strobel walipochapisha mwaka 1989 masimulizi ya wanawake watatu wa Mombasa, wawili kati yao waliandikwa hivyo hasa: Kaje wa Mwenye Matano na Mishi wa Abdala. Hakuna jina la mume hapo. Mwanamke wa Kiswahili huingia katika ndoa na kutoka humo, kwa talaka au kwa mauti, akiwa bado binti wa baba yake.

*Hakuna jina la mume hapo. Mwanamke wa Kiswahili huingia katika ndoa na kutoka humo akiwa bado binti wa baba yake.*

Mwisho wa mlolongo, kwa wanaotaka, huja nisba: Al-Mazrui, Al-Mandhry, Al-Hinawy, Basheikh. Nisba hutaja kabila, mji au mzee wa mbali, na kwa kawaida ilivaliwa siku za heshima: kwenye hati ya wakfu, kwenye utangulizi wa kitabu, kwenye kadi ya mwaliko wa arusi. Kila siku haikuhitajika. Malenga Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840 au karibu na hapo, ana nisba ya Al-Ghassaniy, lakini mji mzima unamwita Muyaka tu na hakuna anayepotea.

Mji uliokuwa upande wa pili wa kisiwa

Mtu akisema Kilindini leo, msikilizaji huona kreni, makontena na foleni ya malori. Kabla ya reli kuanza kujengwa mwaka 1896 na bandari ya kina kirefu kufuata, upande huo wa kisiwa ulijulikana kwa jambo jingine. Wakilindini walikuwa na mji wao huko, mbali na Mji wa Kale unaopakana na Ngome ya Yesu. Wareno waliuandika katika ramani zao kwa jina la Tuaca. Nguzo ya Mbaraki, mnara wa mawe ya matumbawe ambao ulikuwa sehemu ya msikiti na ambao watu bado huuendea na ubani na marashi, inahusishwa na wenyeji hao wa magharibi ya kisiwa.

Baadaye Wakilindini walihamia ndani ya mji mkuu wa kisiwa, wakabaki na jina. Pamoja na Watangana na Wachangamwe wakawa Miji Mitatu, au Thelatha Taifa. Upande wa pili walikuwa Tisa Taifa: Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Washaka, Wafaza, Wagunya na Wakatwa. Jumla yao ni Thenashara Taifa, Waswahili wa Mombasa kwa hesabu ya wazee.

Ukiyasoma majina hayo polepole unaona ramani. Wapate, Washaka na Wafaza ni watu waliotoka visiwa na miji ya kaskazini. Wakilifi na Wamtwapa wametoka miji ya bara ambayo leo ni magofu au vitongoji. Kwa hiyo anayesema "mimi ni Mshaka" anataja mji ambao mababu zake waliuacha karne nyingi zilizopita, na ambao huenda hajawahi kuukanyaga.

Chini ya taifa kuna mbari, na chini ya mbari kuna mlango, yaani nyumba ya mzee mmoja na wanawe. Mshenga aliyepeleka posa hakuwa akiuliza jina la ukoo. Aliuliza: "Mtoto wa mlango gani?" Jibu lilikuwa na majina ya wanaume watatu au wanne, na mara nyingi jina la bibi mmoja ambaye kila mtu alimjua kwa sababu nyumba ilikuwa yake.

Tahadhari moja kwa wanaoanza utafiti kwa simu ya mkononi: ukitafuta mtandaoni utaletewa haraka *Habari za Wakilindi* za Abdallah bin Hemedi. Kitabu kizuri sana. Lakini ni habari za watawala wa Usambara, na mtu asijipachike katika ufalme wa Vugha kwa sababu ya kufanana kwa majina.

Pale Al- ilipopata bei

Majina haya yangebaki mambo ya posa na hitma kama serikali ya kikoloni isingeyawekea bei. Sheria za Himaya ya Waingereza iliyotangazwa mwaka 1895 ziligawa watu kati ya wenyeji wa asili na wasio wenyeji. Kodi ilitegemea uko upande upi. Kipande kikaja baadaye kwa wanaume Waafrika. Uchaguzi wa wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria nao ukawa na kiti cha Waarabu.

Thenashara Taifa wakajikuta mlangoni. Waarabu wa Mombasa walikubaliwa kuwa Waarabu. Watu wa Thenashara Taifa, ambao walioana na Waarabu hao kwa mamia ya miaka na kuswali safu moja, waliambiwa ni wenyeji wa asili. Chama cha Waarabu wa Pwani kiliundwa mwaka 1921. Mwaka 1927 watu wa Thenashara Taifa, waliokataa kuachwa nje, wakaunda chama chao, Afro-Asian Association. Hyder Kindy, aliyekuwa katikati ya harakati hizo, alizisimulia katika kitabu chake cha kumbukumbu cha mwaka 1972, na mivutano ya Miji Mitatu na Tisa Taifa imo humo bila kupakwa rangi.

Katika hali kama hiyo, kuongeza Al- mbele ya jina hakukuwa pambo. Kulimaanisha kodi nafuu, daraja tofauti hospitalini na nafasi ya kupiga kura. Ndiyo maana mtafiti wa leo akikutana na mzee aliyeandikwa kwa jina moja katika hati ya mwaka 1905 na kwa nisba ndefu katika hati ya 1930, asikimbilie kusema ni uongo. Aangalie kwanza ni ofisi gani iliyokuwa ikiuliza.

Takwimu za sasa zina kigeugeu hichohicho. Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 iliandika Waswahili takriban 110,000. Ile ya 2019 iliandika zaidi kidogo ya 56,000. Haukutokea msiba wa kuondoa nusu ya watu. Makabati ya sensa yanapopangwa upya, na watu wanapojitaja upya, namba huhama.

Majina yaliyotoka kwa karani

Wapo Wamombasa ambao ngazi yao ya bin na binti hukatika ghafla baada ya vizazi vitatu au vinne, na hapo ndipo mazungumzo ya barazani huwa mafupi. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Kabla ya hapo, mtumwa aliyefikishwa Mombasa hakuitwa kwa jina alilopewa na mama yake. Aliitwa Mabruki, Baraka, Faida, au siku aliyofika. Aliyeachwa huru aliweza kushika jina la taifa la bwana wake, na wajukuu wakalirithi. Kwenye karatasi wote ni Wakilindini. Nyumbani, watu wazima wanajua nani ni nani, na hawasemi.

Mishi wa Abdala alikubali kusema. Masimulizi yake, ya mwanamke wa kizazi cha watumwa aliyefahamika kwa ngoma na unyago, yamesaidia kuonyesha mji ambao orodha za mataifa haziuonyeshi.

Ng'ambo ya maji, Freretown, karani alikuwa mmisionari. Kijiji hicho kilianzishwa na Church Missionary Society mwaka 1875, miaka miwili baada ya mkataba wa kufunga soko la watumwa Zanzibar, na kikapewa jina la Sir Bartle Frere. Walioletwa huko, na wale waliotangulia kutoka Bombay, walikuwa na majina ya ubatizo: William Jones, George David, Ishmael Semler. Jones alizaliwa Myao. James Mbotela, ambaye kitabu chake *Uhuru wa Watumwa* kilichapishwa 1934, aliandika safari ya watu hawa, na jina lake mwenyewe lilibeba la Kizungu na la Kiafrika kwa pamoja. Wajukuu wa Freretown wanaosaka asili yao wana faida moja juu ya majirani zao wa Mji wa Kale: daftari la ubatizo lipo. Lakini daftari hilo huanza siku ya ubatizo.

Wafaransa nao waliwapa watumwa majina, kwa kiwango kikubwa zaidi, na habari yake inagusa pwani hii moja kwa moja. Mwaka 1776 mfanyabiashara Jean-Vincent Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Ufaransa, yaani Mauritius na Réunion za leo. Waliofikishwa huko waliandikwa kwa jina moja la kuitia na neno "Mozambique," hata kama mtu alitoka kwingine kabisa pwani au bara.

Tarehe 20 Desemba 1848 kamishna Sarda Garriga alitangaza Réunion kwamba watumwa zaidi ya 60,000 wako huru. Raia wa Ufaransa lazima awe na jina la ukoo, kwa hiyo makarani walikaa na madaftari maalumu na kuwapa majina. Mengine waliyatoa katika kalenda ya watakatifu, mengine katika hadithi za Wayunani, mengine walipata kwa kugeuza herufi. Mtu wa Réunion anayesaka babu yake Mwafrika leo husafiri vizuri kurudi nyuma mpaka meza ya karani huyo. Zaidi ya hapo hukuta jina la kuitia tu.

Jirani yake mwenye asili ya mlowezi wa Kifaransa hana shida hiyo. Amri ya kifalme ya mwaka 1539 ilikwisha kuwalazimisha mapadri wa Ufaransa kuandika ubatizo, na makoloni yakafuata desturi ya madaftari. Kwingineko tatizo la wazao wa walowezi wa Kifaransa ni dogo na la kuchekesha zaidi: Wafaransa waliohamia Kanada walikuwa na majina ya utani ya kijeshi yaliyounganishwa na jina la ukoo kwa neno *dit*, yaani "aitwaye," na watoto wa baba mmoja wakaondoka wengine na la ukoo, wengine na la utani. Ndugu watatu wa Kibokoni wangewaelewa mara moja. Na wanawake wa Kanada hiyo ya Kifaransa waliandikwa makanisani kwa jina la baba zao mpaka kufa, kama Kaje na Mishi.

Shamba halirithiwi kwa jina la utani

Kinachofanya mjadala huu usiwe wa kujifurahisha ni ardhi. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai katika ukanda wa pwani wajitokeze na kuthibitisha. Madai ya pamoja, kwa jina la taifa, yalipata taabu. Sheria ilimpenda mmiliki mmoja mwenye mipaka na karatasi. Waliojua kujiandikisha walipata hati. Wengine walibaki na minazi waliyoipanda kwenye ardhi iliyoandikwa kuwa ya Serikali.

Wamazrui wa Takaungu walipata njia yao. Mwaka 1914 sheria maalumu iliweka ardhi yao chini ya wadhamini. Mwaka 1989 Bunge liliifuta, na ukoo ukaenda mahakamani. Katika mgogoro wa namna hiyo, kuwa Mazrui si suala la fahari. Ni kustahili au kutostahili, na mtu huthibitisha kwa karatasi.

*Kuwa Mazrui hapo si suala la fahari. Ni kustahili au kutostahili.*

Mahakama za Kadhi, ambazo Katiba ya 2010 imezilinda katika kifungu cha 170, hukutana na jambo hilohilo kwa udogo wake kila wiki. Mzee amefariki, ameacha nyumba ya ghorofa moja Mji wa Kale na warithi kumi na wawili. Hati ya nyumba inasema Khamis. Cheti cha kifo kinasema Hamisi. Kitambulisho kinasema Khamisi Mohamed, na cheti cha ndoa cha mwanawe kinasema baba ni Muhammad Hamis. Kila tofauti ya herufi huhitaji kiapo, na kila kiapo kina gharama yake. Anayetaka kulinyoosha moja kwa moja huandika hati ya kubadilisha jina na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali.

Kisha kuna kitambulisho. Kwa miongo, Waislamu wengi wa pwani na wa kaunti za mpakani walitakiwa kupita mbele ya kamati za mchujo na kuleta hati za wazazi, hata za babu, ambazo Mkenya wa sehemu nyingine hakuulizwa. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza akiwa Wajir kwamba mchujo huo wa ziada umekwisha. Kwa waliokwisha kuupitia, ile safari ya kutafuta cheti cha babu ndiyo iliyokuwa somo lao la kwanza la nasaba.

Taifa liandikwe au lisiandikwe?

Basi wapo wanaosema dawa ni moja: kila familia ichague jina la ukoo, Al-Kilindini au Al-Changamwe au jina la mzee wa mlango, na walishike wote, vizazi vyote. Hoja yao ina uzito. Watoto hawatatenganishwa na karatasi. Watu wa taifa dogo, ambalo mji umelimeza, watahesabika. Mjukuu wa Toronto atajua pa kuanzia.

Wapinzani wao hawakatai usumbufu uliopo. Wanachokataa ni dawa. Dini, wanasema, imeagiza mtu aitwe kwa baba yake, na mlolongo wa majina ya baba unatosha. Kama fomu haina nafasi, fomu ndiyo ipanuliwe. Wengine wanaogopa kurudisha Miji Mitatu na Tisa Taifa katika siasa za kata na za wadi. Wengine wanauliza swali ambalo halina jibu jepesi: nani atakayeamua kwamba huyu ni Mkilindini na yule ni wa kupachikwa? Ukifungua daftari la taifa umefungua pia habari za watumwa, wageni na watoto wa nje ya ndoa.

Shihabuddin Chiraghdin anazipa shida pande zote mbili. Huyu ndiye Mwalimu aliyeitetea Mombasa na Kiswahili chake kuliko wengi wa rika lake, na *Historia ya Kiswahili* aliyoiandika na Mathias Mnyampala ilitoka mwaka 1977, baada ya kifo chake. Jina lake la mwisho asili yake ni Punjab, upande wa baba. Kwa kanuni ya jina la ukoo angekaa katika kabati la Wahindi. Hakuna mtu Mji wa Kale aliyemweka huko.

Kwa mizani ya makala haya, wanaotaka fomu ipanuliwe wana haki zaidi. Jina moja la kudumu huchagua mstari mmoja, wa mwanamume baada ya mwanamume, na kuutangaza kuwa ndio ukoo. Mtu mwenye vizazi saba nyuma yake ana mababu na mabibi 128 katika kizazi hicho cha saba pekee, au pungufu kidogo pale jamaa walipooana. Al- humtaja mmoja.

Pa kuanzia

Majalada yenye faida zaidi hayapo mbali. Makumbusho ya Ngome ya Yesu ina maktaba, na taasisi ya utafiti wa Waswahili, RISSEA, iko Mombasa chini ya Makumbusho ya Kitaifa. Magazeti Rasmi ya tangu enzi ya Himaya yamejaa matangazo ya mirathi. Madaftari ya ndoa ya makadhi ni hazina kuliko yote, kwa sababu ndoa moja huandika bwana arusi na baba yake, bibi arusi na baba yake, walii na mashahidi, na wakati mwingine walii huwa ami ambaye hatajwi popote pengine. Kipimo cha vinasaba hakifiki huko. Kitakwambia asilimia ya Afrika Mashariki na asilimia ya Uarabuni au Bara Hindi. Hakina kabati la Mtangana.

Lakini jalada ambalo watafiti hulisahau liko mikobani mwa akina mama. Kwenye hitma ya nyumbani, kabla ya dua, anayesoma hukabidhiwa karatasi ya marehemu. Imekunjwa mara nyingi hadi mikunjo imepauka, imeongezewa kwa kalamu tatu tofauti, na ina alama ya mafuta ya sambusa pembeni. Majina yanasomwa moja moja ili thawabu iwafikie. Humo wamo mabibi: Mwanamkuu binti fulani, Mwanaisha binti fulani, Bi fulani mama yake fulani. Wamo na walezi wasio wa damu. Shajara rasmi zilizoandikwa na wanaume, zile zenye herufi nzuri za Kiarabu na mistari ya wino mwekundu, mara nyingi hazina hata mmoja wao.

Siku hizi vijana wanazipiga picha karatasi hizo na kuzituma katika makundi ya WhatsApp ya familia, na hapo ubishi mpya umeanza. Shajara ya baba humpeleka mtu Oman, Hadhramaut au Shungwaya. Karatasi ya bibi ina majina ya Kidigo. Wakilindini na Wadigo walikuwa washirika wa zamani, walioana, walipeana hifadhi wakati wa vita na njaa, na ukifuata upande wa mama, baada ya vizazi vitatu au vinne unajikuta umevuka feri ya Likoni na unaulizia watu Matuga na Diani. Baadhi ya wazee wanataka majina hayo yaondolewe kabla ya mti wa ukoo kupelekwa kwa mpiga chapa. Wajukuu, wengi wao wa kike, wamekataa kuyafuta.